Zabibu za hadubini na tyubu ya mzee

Mgeni akifika Dodoma huulizia zabibu. Zangu mimi ziko chini ya hadubini. Daktari wa upasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen, Uskoti, aliviona bakteria hivi vyangu kwenye usaha miaka ya 1880, akaviita kwa neno la Kigiriki la kichala cha zabibu: stafilokokasi. Hakukosea. Ukitia rangi usaha kiooni, viduara vya zambarau vinasongamana utadhani vimechumwa Hombolo.

Siku moja sista wa wodi ya upasuaji alinipigia. "Kaka, kile kidonda tunapaka wiki ya tatu sasa, hakikauki. Hebu niangalizie." Mgonjwa ni mzee mwenye kidonda cha mguu. Alikuja na tyubu yake ya mupirosini, mafuta ya kupaka ya kuua bakteria, imekunjwa kutoka mkiani kama dawa ya meno. Kikiuma anapaka, kikitulia anaacha.

Nikaotesha. Bakteria nikawapaka kwenye sahani ya aga, ile jeli ya kuoteshea, nikaweka diski, kikaratasi chenye mikrogramu 200 za mupirosini, nikaacha kwenye nyuzi 35 hadi kesho yake. Dawa ikifanya kazi, diski huzungukwa na duara tupu. Asubuhi ile duara halikuwepo. Bakteria walikuwa wametanda hadi ukingoni mwa karatasi. Pembeni diski ya sefoksitini, dawa nyingine ya bakteria, ilikuwa na duara pana, yaani hawakuwa MRSA, stafilokokasi sugu kwa dawa za jamii ya penisilini kama kloksasilini; kloksasilini ingewaweza. Watu wengi hudhani usugu wa aina moja huja na mwingine. Si lazima.

Mupirosini huziba kimeng'enya kinachoshughulika na isoleusini, tofali mojawapo la protini. Tofali likikosekana, ujenzi unasimama. Usugu mdogo hutokea kimeng'enya kilekile kinapobadilika umbo kidogo, dawa isikikamate vizuri. Usugu mkubwa, kama huu wa kidonda cha mzee, ni kitu kingine: bakteria anapata jeni iitwayo mupA, inayomtengenezea kimeng'enya cha pili. Umemzimia mama ntilie wa Sabasaba jiko la gesi, kumbe ana la mkaa uani.

Mwanafunzi mmoja alinibana: mafuta ya asilimia 2 yana mikrogramu 20,000 kwa gramu, na usugu mkubwa tunauhesabu pale bakteria wanapohitaji mikrogramu 512 au zaidi kwa mililita ili wazuilike, mbona yashindwe? Swali zuri. Ila hiyo ni hesabu ya ndani ya tyubu. Kidondani usaha unachuruzika na bandeji inafyonza. Puani kamasi inasukumwa saa zote. Dawa inapopungua, wanaobaki ni wenye jiko la pili.

Pua nimeitaja kwa sababu. Takriban watu 3 kati ya 10 wenye afya njema wanabeba stafilokokasi aureus humo, na mupirosini ya siku 5 ndiyo tunayotegemea kuwaondoa kabla ya baadhi ya upasuaji. Nayo mupA kwa kawaida hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana, hata wale wapole wa ngozini wakawapa wakorofi.

Nilipeleka jibu wodini mwenyewe. Sista akaagiza mzee apimwe sukari, kidonda kisafishwe, tyubu iachwe. Mzee akaitoa mfukoni, akaitazama.

"Basi nimpelekee mjukuu," akasema. "Ana vipele."

Sista akanyoosha mkono.