Amoksilini haitoboi ukuta wa bakteria

Wiki hii, kwenye duka moja la dawa muhimu hapa Mtwara, nimemsikia tena muuzaji akimwambia mama mmoja kwamba amoksilini "inatoboa ukuta wa bakteria". Nimeshaisikia hata kwa wenzangu wa maabara. Hapana. Dawa haiugusi ukuta.

Ukuta ule ni wavu. Ukipita Mikindani mtazame mvuvi anayefuma: kuna uzi na kuna fundo. Uzi wa peptidoglaikani, yaani kitu kinachojenga ukuta huo, ni sukari mbili zinazopokezana, na fundo ni peptidi fupi, mnyororo mdogo wa amino asidi. Kimeng'enya kimoja hurefusha uzi. Kingine, transipeptidezi, hufunga fundo. Hiki cha fundo hudaka mkia wa peptidi wenye amino asidi mbili za D-alanini, hukata ya mwisho, kisha huunga mkia na uzi wa jirani. Penisilini, jamii ya dawa ambayo amoksilini ni mmojawapo, inafanana na mkia huo. Kimeng'enya kinaidaka, pete ya kemikali iliyo ndani ya dawa, beta-laktamu, inafunguka, na dawa inaganda hapohapo kwenye serini, amino asidi ya kimeng'enya chenyewe. Mkono wa mfumaji umekwama, wavu haujachanwa na mtu.

Mbona nang'ang'ania hili? Kwa sababu dawa ya kutoboa ingemwua hata bakteria aliyelala, na penisilini kwa kawaida haimwezi. Asiyekua hafumi, na mkono usiofuma haunaswi. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani waliwapa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo penisilini pamoja na klotetrasaiklini, inayosimamisha ukuaji. Walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa penisilini peke yake. Bakteria aitwaye mikoplasma hana ukuta kabisa, basi amoksilini haimfanyi lolote. Na MRSA, yaani bakteria wa stafilokokasi aliye sugu kwa dawa za jamii hii, ana mkono mwingine, kimeng'enya PBP2a, ambao dawa hizi nyingi haziunasi. Aliyebadilika ni bakteria. Msiniambie mwili "umezoea" dawa.

Ila bakteria hufaje hasa? Vitabu husema hujaa maji akapasuka. Nafundisha hivyo, na kila mara nasita. Mwaka 2014 ilionekana kwa E. coli, bakteria wa utumbo, kwamba mafundo yakizuiwa, nyuzi mpya huendelea kutengenezwa na kukatwakatwa papo hapo, seli ikimaliza malighafi yake bure. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba protini ya bakteria iitwayo RodA, waliyodhani wengi ni mlango tu wa kupitishia malighafi, yenyewe hurefusha uzi. Na RodA haidaki penisilini: uzi unazidi kurefuka, mkono wa fundo umekwama.