Je, wajua kwa nini ndege hawaogi kwenye beseni lililowekwa katikati ya bustani?

Hapa Moshi nimeulizwa swali hili zaidi ya mara moja, na kila aliyeniuliza ni mtu anayeipenda bustani yake. "Nimewawekea ndege maji safi, beseni zuri, naliona mpaka nikiwa barazani. Mbona hawaji? Wanaoga uani kwenye kidimbwi cha bomba linalovuja!"

Sababu ni kwamba ndege aliyelowa haruki vizuri, na yeye mwenyewe analijua hilo kabla hajagusa maji.

Simama mbali kidogo na bomba kama hilo mnamo saa nne asubuhi mwezi wa pili, wakati joto limekaza na masika bado, umwangalie shore. Ni yule ndege wa rangi ya udongo, kichwa cheusi, ana njano chini ya mkia. Kwanza anatua kwenye tawi na kugeuza kichwa huku na huku. Anashuka, anaingiza miguu, kisha anazamisha kifua na kupigapiga mbawa mpaka maji yanamwagikia mgongoni. Kufumba na kufumbua amerudi kwenye tawi. Anashuka tena, na tena. Mwishowe manyoya yameshikana kama nywele za mtoto aliyetoka mtoni, na hapo ndipo urukaji wake unapobadilika: anapiga mbawa kwa nguvu lakini haendi mbali, anaishia kwenye kichaka cha jirani. Humo anajikung'uta, anachukua mafuta kwa mdomo kwenye tezi iliyo juu ya shina la mkia, na kuupaka unyoya mmoja baada ya mwingine. Kila unyoya una vinyuzi vidogo vinavyoshikana kama zipu. Vikijaa vumbi vinaachana, na ndege hupoteza joto na wepesi wa kuruka. Kuoga kwake si mchezo.

Kwa hiyo anapotazama beseni lako katikati ya nyasi, haoni uzuri wake. Anapima umbali wa kukimbilia akiwa amelowa, huku kipanga anaweza kutokea juu wakati wowote.

Mimi nilikosea kwa upande wa pili. Beseni langu la kwanza nililiegemeza kwenye boganvilia, nikidhani nimewapa maficho. Siku ya tano nilikuta manyoya ya kahawia yametapakaa chini, na paka wa jirani amelala kivulini pale pale. Kichaka kilichomficha ndege kilimficha na paka. Bado naliona kosa lile kila ninapojaza maji.

Umbali unaofaa ni mita 2 mpaka 3 kutoka kwenye kichaka, yaani hatua kama tatu za mtu mzima. Paka akichomoka, ndege anamwona akivuka uwazi. Na ndege akiruka, hata akiwa mzito, anafika. Kichaka chenye miiba kama mchongoma au hiyo hiyo boganvilia ni kizuri zaidi, ila kata matawi ya chini mpaka usawa wa goti ili paka asipate pa kujibanza. Penye paka wengi, pandisha beseni juu ya kigogo au nguzo ya matofali ya kama mita 1, hata kama tetere wanapendelea kunywa chini.

Kina nacho kinawakimbiza. Karai la fundi ni refu mno na kuta zake zinateleza. Ndege wengi wa bustanini wanataka maji ya sentimita 2 au 3 pembeni, yasiyozidi 5 katikati. Wenye vihamba, yale mashamba ya migomba huko juu mlimani, wameona ndege wanavyooga kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia: hawaingii penye mkondo, wanachagua pale maji yalipotandaa juu ya mchanga. Kisahani kipana cha udongo cha kuwekea chungu cha maua, pamoja na mawe mawili matatu ya kukanyaga, kinawatosha kabisa. Kama bomba lako ndilo lililokuwa likiwavutia, tundika juu ya kisahani chupa ya maji iliyotobolewa kwa sindano. Tone moja moja linalong'aa na kulia linawaita.

Halafu jua. Tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita jua linapanda juu sana na ukuta haukupi kivuli cha maana. Kivuli unachokihitaji ni cha kuanzia saa nane, nacho kinaangukia mashariki mwa mti au nyumba. Weka beseni upande huo: asubuhi lina mwanga, mchana maji hayachemki wala hayageuki kijani upesi. Lakini lisiwe chini kabisa ya matawi ya mparachichi, maana maua, majani na kinyesi cha ndege vyote vitaishia majini.

Vioo ni jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Nyumba zetu za siku hizi zina madirisha makubwa ya alumini yenye vioo vya giza, na ndani yake ndege anaona anga na miti. Akishtuka anaruka moja kwa moja kuelekea humo. Aidha weka beseni karibu sana na dirisha, chini ya mita 1, ili asipate kasi ya kujiumiza, au liwe mbali kama mita 10. Katika kiwanja cha 20 kwa 20 mara nyingi umbali huo haupatikani, basi wavu wa mbu uliofungwa kwa nje ya kioo utasaidia sana.

Tukitaja mbu: yai lao kwenye maji ya vuguvugu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 mpaka 10. Ukimwaga maji kila baada ya siku mbili kwenye mchicha na kusugua beseni kwa brashi bila sabuni, viluwiluwi hawafiki mbali, na ndege hawaambukizani magonjwa kwa kinyesi. Sabuni inaondoa yale mafuta ya manyoya.

Ukishaliweka, vumilia kama wiki mbili. Wakija kunywa tu na kuondoka bila kuoga, sogeza beseni hatua moja kuelekea kichakani, uwape siku chache nyingine. La kwangu lilihama mara tatu kabla shore hawajaoga humo. Sasa wanakuja wawili, na wakati mmoja yuko majini, mwenzake hubaki tawini.