Volti nne si uzima wa seli

"Fundi, seli zote nimezipima, zina volti nne kasoro kidogo. Wewe nifungie tu." Kauli hii huletwa karakanani kwangu karibu kila wiki. Safari hii aliileta fundi wa madirisha ya alumini aliyekuwa na seli 12 za lithiamu alizozitoa kwenye betri mbili za laptopu, pamoja na ganda la betri ya drili ya volti 18 iliyokufa. Nilipomwambia kwamba sitazifunga kabla ya kuzipima upya, alinitazama kama mtu anayetafutiwa sababu ya kutozwa fedha zaidi.

Volti ya seli iliyotulia hueleza imejaa kiasi gani, basi. Haielezi inaweza kushika chaji nyingi kiasi gani, wala, jambo linaloihusu drili zaidi, inaweza kutoa mkondo mkubwa kiasi gani bila volti yake kuanguka. Seli iliyochakaa hadi kubakiwa na robo ya uwezo wake, ukiichaji, itafika volti 4.2 sawasawa na mpya, tena itafika mapema zaidi, na mwenye nayo atafurahi kwamba betri yake "inajaa haraka".

Kinachoamua ni ukinzani wa ndani, yaani jinsi seli yenyewe inavyouzuia mkondo unaopita ndani yake. Seli ya 18650 (ya mviringo, kipenyo milimita 18 na urefu 65) iliyotengenezwa kwa ajili ya zana za umeme huwa na takriban miliomu (elfu za omu) 15 hadi 20, ilhali ya laptopu iliyotumika miaka kadhaa hufika 80 kwa urahisi, kwa kuwa tangu kiwandani haikukusudiwa kutoa zaidi ya ampea chache. Chukua seli tano za namna hiyo katika mfululizo: ukinzani wake ni omu 0.4. Drili inapokwama kwenye mbao ngumu na kudai ampea 20, volti 8 zinapotelea ndani ya betri yenyewe, drili inabaki na volti 10, na wati 160 za joto zinazaliwa ndani ya ganda la plastiki lisilo na tundu la hewa. Mtu huyo huyo atarudi kesho kulalamika kwamba mota ya drili imechoka. Hata ukizifunga mbilimbili sambamba ili seli 10 zigawane mzigo, kila moja bado inatoa ampea 10, nazo ni nyingi mno kwa seli ya aina hiyo.

Kupima ukweli huu hakuhitaji mashine ya gharama. Tafuta rezista ya omu 1 yenye uwezo wa wati 20 au zaidi, ichaji seli ijae, kisha isome volti bila mzigo na uisome tena rezista ikiwa imeunganishwa kwa sekunde mbili tatu, ncha za mita zikiwa kwenye seli yenyewe. Ikishuka kutoka 4.10 hadi 4.00, ukinzani wake ni kama miliomu 25, na hiyo naifikiria. Ikishuka hadi 3.70, ni zaidi ya miliomu 100, na mahali pake ni kwenye taa au redio. Zitakazofaulu ziandikie volti na tarehe kwa kalamu ya wino, siku moja baada ya kuchajiwa, halafu uzisahau kabatini kwa wiki mbili. Iliyopoteza zaidi ya volti 0.05 inavuja chaji kwa ndani na mimi siifungi, hata mteja akinisihi namna gani.

Wengine hujibu kwamba BMS, ile bodi ndogo ya kulinda betri, itarekebisha tofauti za seli. BMS hukata umeme mambo yanapoharibika, na zile zenye kusawazisha hufanya hivyo kwa mkondo mdogo sana; haiwezi kuipa seli dhaifu uwezo ambao haina, na katika mfululizo seli dhaifu ndiyo inayoamua betri nzima itafanya kazi kwa muda gani.

Seli iliyolala miezi mingi ikiwa chini ya volti 2 haifai "kushtuliwa" kwa chaja ya nguvu. Katika hali hiyo shaba ya ndani huyeyuka, na unapoichaji hujijenga upya mahali pasipotakiwa hadi kusababisha shoti ya ndani. Kwamba imepokea chaji leo hakumaanishi kwamba imepona, na moto wa lithiamu huweza kuja baadaye, chaja ikiwa ukutani na watu wamelala.

Chaja ya zamani ya betri za nikeli isiguse lithiamu kabisa, kwa sababu haijui kusimama kwenye volti 4.2 kwa kila seli. Ama betri iliyoandikwa volti 20 kuwa na nguvu kuliko ya 18, hiyo ni biashara ya maandishi: zote ni seli tano, moja imehesabiwa ikiwa imejaa na nyingine kwa wastani.

Kulehemu kwa risasi moja kwa moja kwenye seli, hasa upande wa chanya, huunguza muhuri wake. Tumia mashine ya kuchomelea nukta na utepe wa nikeli halisi. Utepe wa chuma kilichopakwa nikeli ukiukwaruza na kuuloweka katika maji ya chumvi usiku mmoja, kutu itausema.

Na wanaochoka na seli kuukuu wakanunua mpya zilizoandikwa uwezo wa miliampea-saa 9,900 nawaambia hivi: seli za 18650 zilizozoeleka sokoni, hata zile nzuri sana, huishia karibu na 3,500, na zile za drili mara nyingi huwa chini ya hapo. Mimi huziweka kwenye mizani kabla ya kushika mita. Seli halisi ya ukubwa huo ina uzito wa gramu 45 hivi. Ikisoma 30, sina haja ya kuitafutia rezista.