Chakula na demensia: maswali na majibu

Kuna chakula kinachozuia demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaompotezea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri?
Hakuna hata kimoja. Kinachojulikana ni kwamba presha, kisukari na kolesteroli nyingi huharibu mishipa ya damu inayolisha ubongo, na madhara hayo huanza kujijenga tangu umri wa makamo, miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Kwa hiyo angalia mlo mzima: mboga za majani, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, mafuta ya mimea. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya kopo.

Na vidonge vya vitamini?
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri vitamini B, vitamini E na omega-3 (aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki) visitumiwe kwa lengo la kupunguza hatari ya demensia. Mwenye upungufu ni suala jingine. Vitamini B12 ikipungua, mtu husahau na kuchanganyikiwa kiasi cha kudhaniwa ana demensia, mara nyingi miguu ikifa ganzi pia. Walio hatarini zaidi ni wazee, wasiokula kabisa vyakula vya wanyama, na waliotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka. Wapimwe damu.

Mgonjwa aendelee kubanwa na masharti ya mlo?
Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Ugonjwa ukishaingia, adui mkubwa huwa kukonda. Mpime uzito kila mwezi: aliyekuwa na kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi mmoja, mpelekeni kwa daktari. Muulizeni pia ni masharti gani yalegezwe, hasa kama anatumia dawa za kisukari, maana asiyekula vizuri anaweza kushukwa na sukari ghafla. Ongezeni maziwa, yai, siagi ya karanga au mafuta kwenye chakula kilekile anachokubali.

Anaitazama tu sahani. Kwa nini?
Huenda hakioni chakula. Cheupe kwenye sahani nyeupe humpotea. Tumia sahani ya rangi moja tofauti na chakula. Zima televisheni, mpe kitu kimoja kwa wakati. Kijiko kikimshinda, mkatie vipande vya kushika kwa mkono. Kagua pia kinywa: jino bovu au meno bandia yanayobana huwa chanzo, naye hawezi kueleza.

Anapaliwa akila au akinywa?
Mketishe wima, kidevu kikiinama kidogo, mpe nusu kijiko, na usiongeze kabla hajameza. Asilale kwa dakika 30 baadaye. Sauti ikisikika kama ina maji kooni baada ya kunywa, au homa za kifua zikijirudia, huenda chakula kinaingia kwenye njia ya hewa; anahitaji mtaalamu wa matatizo ya kumeza. Msimwongezee unga wa kuvitia vinywaji uzito kwa kubahatisha, kwani wengi huishia kunywa kidogo na kukaukiwa maji.

Awekewe mpira wa kulishia?
Demensia ikifikia hatua za mwisho, haushauriwi. Haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia. Kulishwa taratibu kwa mkono, kiasi anachotaka, kunatosha.