Umesharudi Hija, sasa shaka imekuingia

Kila msimu wa Hija unapokaribia, wengi wanaokuja kutuuliza maswali si wasafiri wa mwaka huo. Ni waliokwenda zamani. Hajati mmoja wa Arua alihiji miaka tisa iliyopita. Juzi katumiwa video kwenye WhatsApp, mhubiri anasema tawafu, yaani kuzunguka Kaaba mara saba, bila udhu haifai, na tangu siku hiyo usingizi umempaa. Udhu alitia, hata foleni ya bombani anaikumbuka. Lakini je, ulidumu mpaka mzunguko wa saba?

Swali letu la kwanza kwa kila anayekuja na jambo kama hili: unakumbuka, au unaogopa?

Anayeogopa tu hana deni. Mafakihi wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na shaka inayokuja baada ya ibada kwisha haisikilizwi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu mtu anayehisi udhu umemtoka ndani ya sala, akasema asiondoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Udhu wa Hajati ni yakini, kutenguka ni dhana. Tawafu yake imetimia.

Angekuwa bado anazunguka Kaaba, hukumu ingekuwa nyingine: asiyejua kama yuko wa tano au wa sita hushika tano, akaendelea. Ukishamaliza ukaondoka, usirudi kuhesabu. Na hesabu yenyewe ni nyingi: mizunguko saba ya tawafu, saba ya sai, yaani mwendo kati ya Safa na Marwa, na vijiwe 49 vya kutupa kwa aliyetoka Mina tarehe 12 Dhulhija, au 70 kwa aliyebaki hadi 13. Nasai, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas kwamba walipokuwa wakirudi Hija pamoja na Mtume, huyu alisema katupa vijiwe sita, yule saba, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Shaka nyingine huzaliwa na tofauti za madhehebu. Wengi wetu Uganda ni Shafii, na kwa Shafii ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumuoa, udhu umetenguka. Sasa nenda kwenye msongamano wa Kaaba uone kama utapita bila kuguswa! Ndiyo maana viongozi wengi wa misafara huwaambia mahujaji wafuate kauli ya Hanafi hapo, kwamba kugusana hakutengui. Uliyetufu kwa kauli hiyo umetufu sawasawa. Video ya miaka tisa baadaye haifuti.

Anayekumbuka kwa hakika ndiye tunayekaa naye kitako. Kama alichoacha ni nguzo, mathalani tawafu ya Ifadha, ile inayofanywa baada ya kisimamo cha Arafa, hakuna mbuzi wa kuifidia. Atarudi Makka aifanye, na kabla ya hapo hata unyumba si halali kwake. Jambo hili ni nadra na ni zito, kwa hiyo asijihukumu mwenyewe nyumbani. Aende kwa sheikh anayeijua fiqhi ya Hija.

Kama ni wajibu, mfano kuvuka miqati, mpaka wa kutilia nia ya Hija, bila ihramu au kuacha kabisa kupiga mawe, Hija ni sahihi ila anadaiwa dam: mbuzi au kondoo, achinjwe ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka, nyama wapewe maskini wa huko. Mzee mmoja wa Jinja alichinja beberu uani kwake, mtaa mzima ukala. Sadaka njema, lakini deni liko palepale. Huhitaji kusafiri: mwakilishe mwaminifu anayekwenda umra, wala usimkabidhi fedha mtu usiyemjua eti kwa kuwa ana kofia na kitabu cha risiti. Asiyeweza kabisa atafunga siku 10.

Kuna na wanaosumbuka kwa kutanguliza hili kabla ya lile. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, mtu alimwambia Mtume amenyoa kabla ya kuchinja. Akajibiwa achinje, hakuna ubaya.

Na Hajati yeyote aliyeondoka Makka bila tawafu ya kuaga kwa sababu ya hedhi hadaiwi chochote. Bibi Safiyya, mke wa Mtume, yalimkuta hayo hayo. Mtume aliuliza kama atawachelewesha. Alipoambiwa ameshafanya Ifadha, akasema basi na aondoke.