Utambuzi wa sura na kanzidata ya vitambulisho kwenye uwanja wa ndege: maana yake hasa

Kanzidata ya vitambulisho vya taifa ni ghala la kielektroniki linalotunza taarifa za wananchi: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, picha, na mara nyingi alama za vidole. Kubwa kuliko zote duniani ni Aadhaar ya India, yenye watu zaidi ya bilioni moja, kila mtu mzima akiwa ametoa picha ya uso, alama za vidole vyote kumi na picha ya mboni za macho. Utambuzi wa sura ni kazi ya programu inayougeuza uso kuwa mfululizo wa namba, kisha kuzipima namba hizo na za uso mwingine kuona zinakaribiana kiasi gani. Jibu lake huwa ni kiwango cha kufanana, na binadamu ndiye anayeamua mapema kiwango kipi kihesabiwe kuwa "ndiye".

Tatizo ni kwamba jina hili moja, utambuzi wa sura, limebeba kazi mbili zisizofanana.

Kazi ya kwanza ni kuthibitisha. Abiria anafika kwenye geti la uhamiaji, anaweka pasipoti, mashine inasoma picha iliyo ndani ya chipu, kamera inamtazama. Swali ni moja: huyu ndiye mwenye pasipoti hii? Hapa uso mmoja unapimwa na picha moja, na picha hiyo abiria amekuja nayo mkononi. Hakuna haja ya kugusa ghala la taifa zima.

Kazi ya pili ni kutafuta. Kamera inanasa uso wa mpita njia asiyeonyesha hati yoyote, na programu inaupitisha kwenye maelfu au mamilioni ya picha ikiuliza: huyu ni nani? Hii ndiyo inayohitaji kanzidata, na hesabu zake ni kali. Chukua programu inayokosea mara 1 tu katika kila ulinganisho 1,000,000. Ukiulinganisha uso mmoja na ghala la watu 50,000,000, utapata kwa wastani watu 50 wasiohusika ambao programu inasema "ndiye". Ukiongeza ukali wa kipimo, hao watapungua, lakini unayemtafuta naye ataanza kupenya bila kuonekana. Mwaka 2002 uwanja wa ndege wa Logan, Boston, ulijaribu mitambo ya aina hii kwa wafanyakazi waliojitolea kuigiza kama watu wanaosakwa. Mitambo iliwanasa mara 153 na kuwakosa mara 96. Programu za leo ni bora sana kuliko zile, lakini kanuni ya hesabu haijabadilika.

Makosa hayo pia hayawaangukii watu wote sawa. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu 189. Katika nyingi, watu wenye asili ya Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki ndio waliochanganywa zaidi na watu wengine, na wa Ulaya Mashariki ndio waliochanganywa kidogo zaidi. Baadhi ya programu zilizotengenezwa China hazikuwa na udhaifu huo kwa nyuso za Asia Mashariki, jambo linaloonyesha kuwa picha ambazo programu imefundishwa nazo zina uzito mkubwa. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii, kwa sababu anayezuiwa mlangoni kwa kufananishwa na mtu asiyemjua ndiye anayeachiwa kazi ya kujitetea, huku ndege ikiondoka.

Kuna jambo jingine ambalo mashine haiwezi kulifanya hata ikiwa haikosei kamwe: kusoma nia. Siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Larry Ellison, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya programu ya Oracle, alijitolea kuipa serikali ya Marekani bure programu ya kuendeshea kanzidata ya vitambulisho vya taifa. Lakini watekaji wote 19 wa ndege za siku ile waliingia nchini humo kwa viza. Uso wao ungelingana na pasipoti zao, na geti lingefunguka. Kanzidata husaidia pale tu mhusika anapokuwa tayari ameandikwa kwenye orodha ya wanaosakwa, na orodha hiyo huandikwa na wapelelezi.

Hapo linabaki suala la kutunza. Nywila ikiibwa hubadilishwa, uso haubadilishwi. Ndiyo maana mahali taarifa zinapokaa, na muda zinaokaa, ni sehemu ya maana ya dhana hii. DigiYatra, mfumo wa utambuzi wa sura wa viwanja vya ndege vya India ulioanza Desemba 2022, huhifadhi taarifa za uso kwenye simu ya abiria, na masharti yake yanautaka uwanja ufute nakala ndani ya saa 24 baada ya ndege kuondoka. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: ilifuta mpango wake wa vitambulisho vya taifa, na mwaka 2011 diski zilizobeba daftari lake zikasagwa na kuchomwa moto.