Umesahau neno la siri la Wi-Fi? Usiguse riseti

"Umesahau paswedi? Bonyeza riseti." Ushauri huu umeenea Dodoma, kuanzia hosteli za jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hadi ofisi za Area C, na ndio unaowaacha watu bila intaneti kabisa.

Riseti hairudishi neno ulilosahau. Ukibana kile kitundu cha nyuma ya ruta kwa pini, sekunde kama 10 hivi, unafuta kila kilichowekwa humo: jina la mtandao, neno la siri, na kwenye ruta nyingi za faiba hata jina na neno la siri la PPPoE, ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti. Baada ya hapo simu itaona mtandao, itakubali neno lililo kwenye stika ya ruta, kisha itaandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Mwenye ruta anadhani imeungua, kumbe imesahau yenyewe ni nani. Itabidi mipangilio hiyo iingizwe upya, na bila taarifa kutoka kampuni yako hakuna fundi wa mtaani atakayeibuni. Ruta ya laini ya simu ina nafuu kwa sababu APN, yaani mipangilio ya kuingia intaneti kupitia laini, kwa kawaida hujiweka yenyewe, ila kamera, printa na luninga bado utaziunganisha upya moja moja.

Anza na kifaa ambacho bado kimeunganishwa. Kwenye Android 10 na kuendelea, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao, kisha chagua kushiriki: utapata msimbo wa QR, na kwenye simu nyingi neno lenyewe limeandikwa chini yake. Hakuna kifaa kilichobaki? Chomeka kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 (ruta nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.8.1, soma stika). Hapo utaulizwa neno la siri la msimamizi, ambalo SI lile la Wi-Fi. Watu huchanganya haya mawili kila siku, wakikataliwa wanakimbilia pini. Ukishaingia, nenda sehemu ya WLAN (yaani Wi-Fi), weka neno jipya, hifadhi. Riseti ni hatua ya mwisho, tena uwe umeshaipigia kampuni na taarifa za PPPoE ziko mkononi.

"Kuna programu ya kufungua Wi-Fi yoyote." Hakuna. Programu hizo huokota maneno ya siri yaliyotumwa na simu za watumiaji wengine, au hujaribu namba za kiwandani za WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa namba fupi badala ya neno la siri) kwenye ruta za zamani. Ukiiweka, huenda ikalituma na neno la siri la nyumbani kwako. Halafu kuingia bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mwombe mwenye mtandao.

"Neno ni sahihi ila simu inakataa, basi ruta ni mbovu." Angalia kwanza herufi kubwa na ndogo, na nafasi iliyonasa mwishoni uliponakili kutoka WhatsApp. Kama neno lilibadilishwa, iambie simu isahau mtandao huo, kisha andika upya. Simu ya zamani inaweza isione kabisa mtandao wa masafa ya 5 GHz, au ikagomewa na ruta iliyowekwa WPA3 pekee, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi iliyofuata WPA2; weka WPA2 na WPA3 kwa pamoja.

"Nikificha jina la mtandao niko salama." Simu zako zenyewe hulitaja jina hilo hewani zinapoutafuta. Kinachokulinda ni neno la siri refu: WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63. Tumia angalau 12. Na wenye nyumba za kupangisha Nkuhungu na Ilazo, tafadhali, washeni mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Mpangaji akihama unabadilisha hilo tu, kamera na printa haziguswi.